Mpangaji Aliyeingia Mkutanoni

Saa moja na nusu asubuhi baridi ya Ilomba, jijini Mbeya, bado inauma, na Blandina Kalinga ameshafunga midomo ya magunia tisa ya viazi. Anapiga goti, anapitisha kamba kwa sindano ndefu, anakaza, anahamia jingine.

"Siku nzuri nashona arobaini, gunia moja mia tatu," anasema mama huyu wa watoto watatu, mzaliwa wa Kilolo, Iringa. "Mkubwa amemaliza kidato cha nne kwa kazi hii hii."

Anashonea kwenye uwanja wa wazi kando ya soko. Mwaka jana nusura uzungushiwe ukuta, uwe maegesho ya malori ya mfanyabiashara mmoja. Washonaji, wapagazi na mama lishe wangejua wenyewe pa kwenda.

Mkutano wa mtaa uliojadili jambo hilo ulifanyika hatua ishirini tu kutoka alipokuwa akishona. Hakuingia.

"Mimi si mpangaji? Miaka kumi na tisa nalipa kodi hapa, nilijua mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Wapangaji wote tulijua hivyo. Tukasimama nje kama tumekuja kwenye msiba wa watu tusiowajua."

Wenye nyumba kumi na saba wakanyoosha mikono. Ukuta ukapita.

Aliyemfumbua macho ni Andendekisye, dereva wa bodaboda na mwanzilishi mmojawapo wa Umoja wa Wavuja Jasho, muungano wa wananchi usio na ofisi wala kadi. Msimamo wao ni kwamba ardhi ya umma iwafae kwanza wanaoitolea jasho. Wapo wanaowaita wajamaa waliochelewa basi. Wao hucheka na kuendelea na kazi.

"Nilimwuliza, dada, umefikisha miaka kumi na nane? Akacheka," anakumbuka Andendekisye. "Nikamwambia basi mkutano ni wako. Unakaa hapa, umri unao, wanataka nini tena?"

Kwa wiki tatu wanaumoja walipita chumba kwa chumba kuwaeleza wapangaji wenzao. Blandina alijitwika mzigo ambao wengine waliukwepa: kuzungumza na mama mwenye nyumba wake, Mama Esta, aliyekuwa miongoni mwa wale kumi na saba.

"Niliogopa, jamani. Nilijua kesho vyombo vyangu viko nje. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Sasa Mama, ukikosa kazi, kodi yangu atanilipa nani?'"

Mkutano wa pili, ulioitishwa kujadili upya suala la ukuta, ulijaa watu 231. Mama Esta alisimama mbele yao akasema alikosea. Mikono 206 ikautetea uwanja.

"Namshukuru mno," anasema Blandina. "Kukiri kosa mbele za wapangaji wako si jambo dogo. Mimi sijui kama ningeweza. Na Andendekisye, Mungu amzidishie."

Lakini neno la mwisho ni la baraza la madiwani, litakalokaa mwezi ujao. Wananchi huruhusiwa kusikiliza, si kuzungumza. Blandina ameshawaambia wateja wake kwamba siku hiyo hashoni hata gunia moja.

"Nitakaa kiti cha mbele, nitanyamaza kimya," anasema. "Ila safari hii wataamua nikiwa ndani."