Darasa Lililogeuka Bonde

Mwalimu wetu wa historia hakuwa na ramani. Ile ya shule ilikuwa imeliwa na mchwa, na direkta, mkuu wetu wa shule, alikuwa akisema nyingine iko njiani tangu sijajua kusoma. Basi mwalimu akaamua darasa lenyewe liwe ramani. Madirisha yakawa ziwa, mlango ukawa njia ya Bwegera kule bondeni, ubao ukawa milima. Kila mmoja asimame alikotoka babu yake.

Wakakimbia kwa kelele. Wengine madirishani wakavuta nyavu, wengine mlangoni wakapanda mpunga, na mwalimu akawauliza kama mtu aliyewakuta njiani: umebeba nini, unampelekea nani? Mimi nikaenda kwenye ubao. Kugeuka, kumbe niko peke yangu. Sisi wa juu milimani, watu wa ng'ombe, tulikuwa tumebaki wachache mjini, na darasani nilikuwa mimi tu. Nilikaa mtaa wa Nyamianda kwa mjomba. Benchi langu halikuwa na jirani, na salamu nilizipata kwa bahati. Usiniambie mtoto huzoea. Hazoei. Nilitamani mmoja tu, hata awe mkorofi, aniite kwao.

Mwalimu akanitazama, kisha akawageukia wengine. Akawauliza wazee wao walikunywa maziwa ya nani. Akawaambia wakaulize nyumbani, wamletee jibu.

Jumatatu, kijana mmoja wa Lubarika, huko bondeni, akasimama bila hamu. Akaeleza kuwa babu yake alipewa ng'ombe na rafiki yake wa milimani, ng'ombe wa urafiki, si wa kuuza. Ng'ombe alipozaa, babu akapanda milima na ndama kumrudishia rafiki, kama desturi ilivyotaka, na huko akapokewa kwa nyimbo. Darasa likacheka chini chini. Mwalimu hakucheka. Akamuuliza kama ndiyo yote.

"Iko ingine," akasema, akiangalia miguu yake. "Babu anasema huyu mutoto wa juu akuje kwetu siku ya Mungu. Akule."

Mungu wangu, wiki ile! Nilifua gauni langu, likakauka, nikalifua tena. Mjomba sikumwambia mpaka Jumamosi, maana nilijua atakavyosema, na akasema vile vile: njia ya bonde si nzuri kwa watu wetu siku hizi, wenye silaha wakikusimamisha wakakuuliza kwenu ni wapi, utajibu nini? Hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jumapili nilishinda ndani na gauni langu safi, nimemkasirikia kila mtu.

Kesho yake yule kijana alikuja mwenyewe mpaka kwenye benchi langu. Nilidhani atanitukana, na ningeona ana haki.

"Tulikungojea," akasema. "Babu alikataa tuanze kula."

Nikamuuliza basi walikula saa ngapi.

"Sisi tulikula jioni," akasema. "Yeye hakukula."