Mzee Aliyeuliza Kuhusu Siri za Ubongo

Wiki jana, kwenye saiba moja ya intaneti mtaani Kiwanjani, msichana alikuwa anahojiwa kupitia kompyuta. Aliomba nafasi ya utafiti Nairobi: kupiga picha za ubongo, kisha kuunda ndani ya kompyuta mfano wa jinsi mishipa ya fahamu inavyopashana habari. Baba yake, mfugaji wa Sericho, aliketi kando. Bila ruhusa yake hakuna safari.

Profesa alipotokea kwenye skrini, mzee akatangulia. "Salaam aleikum. Nagaa? Kuna amani? Watoto? Mifugo? Huko mvua imenyesha?"

Msichana aliinamisha kichwa tu. Kwao salamu za mzazi hazikatwi. Mimi niliyekuwa nangoja kompyuta hiyo nikashindwa kuvumilia. "Mzee, acha mtoto aongee! Muda wake unaisha!"

Hakunitazama. Alimuuliza profesa, "Huyu akipiga hizo picha, ataona siri za watu?"

"Muulize mwenyewe," profesa akasema.

"Hapana, Baba," msichana akajibu. "Nitaona sehemu gani ya ubongo inafanya kazi mtu akiwaza. Kile anachowaza siwezi kukiona. Hata ule mfano wa kompyuta ni wa kukisia, lazima tuupime tujue umekosea wapi."

Mzee akavuta kiti chake nyuma, akamwachia binti skrini yote. "Aende. Mtu anayejua kazi yake inaishia wapi hatatuaibisha."

Nasema wazi: nilidhani mzee anaharibu mahojiano, kumbe ndiye aliyekuwa anahoji. Nawasikia wataalamu wengi redioni ambao swali lake lingewaangusha.