Makomeo ya Injini ya Kushoto

Abshiro alimwapisha bintiye sokoni, mbele ya mitungi ya maziwa ya ngamia, saa mbili asubuhi na wateja wamejaa. Aliweka chini kikombe cha kupimia, akamshika Nasteha kidevu kwa mkono uliolowa maziwa.

"Huko njiani usitaje ndege," alimwambia. "Usichore ndege. Usipige picha ya ndege. Ukiwa ndani ya ndege jifanye hujui hata inaitwaje. Sema wallahi."

"Hooyo, mimi naenda kusomea ndege!"

"Ukishafika chuoni zitaje mpaka ulimi ukauke. Njiani hapana. Sema wallahi, hooyo."

Mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye, hooyo, yaani mama, hasa akiwa na huruma au akiwa na hofu. Siku hiyo Abshiro alikuwa na vyote viwili. Nasteha akasema wallahi, na wateja wawili wa maziwa wakawa mashahidi.

Usije ukadhani ni mama mkali bure. Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri mtaani Galbet na kuvutana na wachukuzi wa maziwa kila siku ya Mungu haogopi ovyo. Lakini miaka mitatu nyuma, Nasteha akiwa Kidato cha Pili, alikuwa na mazoea ya kusimama kwenye ua wa kiwanja kidogo cha ndege pale Garissa, daftari mkononi, akiandika namba za mikia ya ndege kama vile wasichana wengine wanavyoandika majina ya wavulana. Siku moja askari wakamchukua. Akakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, akiulizwa swali moja tu: hizi namba unampelekea nani? Abshiro akaja mbio na chifu, jasho linamtiririka, akajieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mtoto yangu anabenda ndege tu, afande. Kubenda si makosa." Mtoto akaachiliwa, daftari likabaki. Tangu siku hiyo mama akawa na wimbo mmoja nyumbani: ulimi uliponza kichwa.

Sasa, mapenzi hayakomeshwi na benchi. Nasteha aliacha kwenda kwenye ua, akahamia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akawa anasoma ripoti za ajali za ndege. Ndiyo, ripoti za ajali! Wenzake walimwona ana wazimu. Yeye alichopenda kule ni ukurasa wa mwisho, pale wachunguzi wanapoeleza la kufanya ili jambo lile lisitokee tena kwa mwingine. Kwa ukaidi huo akaomba nafasi katika chuo cha mafundi wa ndege kule Toronto. Akashinda mchujo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ikabaki nafasi moja na mahojiano ya ana kwa ana, pamoja na mtihani wa mikono: Jumatatu saa tatu asubuhi, asiyekuwepo ametoka. Chuo kikamtumia tiketi. Binti wa miaka kumi na minane, ambaye alikuwa hajapanda hata ndege ya Wajir, akaondoka peke yake kwenda upande wa pili wa dunia.

Safari ya kwanza kutoka Nairobi aliimudu. Alifumba mdomo, akafumba na macho, ijapokuwa kila mlio wa ndege alijua unatoka kwenye kifaa gani. Jumamosi asubuhi akashuka kwenye uwanja wa kupitia, mahali pa vioo vitupu na marumaru. Jina la uwanja nalihifadhi, na la kampuni ya ndege vilevile. Mimi msimulizi tu, sina ubavu wa kesi.

Kwenye foleni ya Toronto akapata jamaa. Bibi mmoja wa Wajir, Shamso, alikuwa anaenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa huko. Kabla foleni haijasogea hatua kumi, bibi alishamuuliza ni binti wa nani, wa ukoo gani, nyanya yake alizikwa wapi, na kufikia mlangoni akawa amekwisha kuwa eedo, yaani shangazi. Nasteha akafurahi. Ugenini, shangazi wa dakika kumi ni bora kuliko kutokuwa na mtu.

Basi likawabeba hadi kwenye ndege iliyoegeshwa mbali. Hapo ndipo Nasteha, kwa mara ya kwanza maishani, akapita chini ya injini kubwa. Mdomo wake ungemeza punda na mkokoteni wake. Abiria wote walikuwa wanatazama ngazi. Yeye akainama.

Na hapo balaa ikaanza. Mfuniko wa injini hufunguka kutokea chini, kama milango miwili inayokutana tumboni. Fundi akimaliza kazi yake huifunga kwa makomeo yaliyopangwa mstari mmoja, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni. Komeo lililofungwa hulala sawasawa na bati. Nasteha aliona makomeo mawili yananing'inia wazi.

"Dada, panda! Usisimame hapo!" mfanyakazi wa uwanja akamkemea.

Akapanda. Ripoti tatu alizozisoma zilikuwa juu ya jambo hilihili: ndege inakimbia, upepo unang'oa mfuniko, mfuniko unapiga bawa, na katika ripoti moja ulikata bomba la mafuta, moto ukawaka. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa, Shamso ubavuni mwake. Akajifariji kwamba fundi bado hajamaliza, amefuata kifaa, atarudi sasa hivi. Akabandika uso dirishani. Gari la mizigo likaondoka. Gari la chakula likaondoka. Fundi hakuonekana. Mlango wa ndege ukafungwa kwa kishindo.

"Eedo," akanong'ona, "injini ya kushoto haijafungwa vizuri. Nimeona kwa macho yangu."

Shamso akamgeukia taratibu, tasbihi ikasimama vidoleni. "Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie kwangu. Mwanangu, jitazame hijabu yako, lisome jina lako, halafu useme kitu kuhusu injini humu ndani? Watakushusha wewe, na mimi pamoja nawe. Wenye ndege wanajua. Nyamaza tufike."

Wenye ndege wanajua. Lo! Kati ya maneno yote duniani, bibi alichagua hayo. Babake Nasteha, Diriye, alikufa kwenye lori lililokuwa linatoka Masalani, Nasteha akiwa na miaka sita. Gurudumu lilichomoka, wakafa watu saba. Siku ya tatu ya msiba akaja mfanyabiashara mmoja wa mbuzi ambaye alikuwa ameshuka njiani kabla ya ajali. Akalia mbele ya Abshiro kama mtoto mdogo. Aliziona nati za gurudumu zimelegea, akasema, lakini alidhani dereva anajua. Abshiro hakumlaani. Ila tangu siku hiyo hapandi gari lolote kabla hajalizunguka na kuzigusa nati zote kwa mkono wake, na makondakta humcheka.

Ndege ikaanza kusukumwa kinyumenyume. Injini zilikuwa bado hazijawashwa. Nasteha akapiga hesabu ya haraka, na ilikuwa hesabu mbaya: akisema, huenda asiione Jumatatu. Asiposema, huenda watu wote hawa wasiione. Kiapo kikivunjwa kina kafara, mtu asiyeweza kulisha maskini hufunga siku tatu akamwomba Mola wake msamaha. Maiti haina kafara. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana, wallahi, lakini akafungua mkanda akasimama.

Mhudumu mwenye skafu nyekundu akaja mbio. "Kaa chini tafadhali!"

"Dada, injini ya kushoto, mfuniko wake haujafungwa," Nasteha alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Makomeo mawili yananing'inia chini. Mwambie rubani atume fundi aangalie kabla ya kuwasha. Nakuomba."

"Umejuaje?"

"Nimeyaona nikipanda."

"Wewe ni fundi?"

"Bado."

Mhudumu alimtazama machoni, akatazama hijabu, akatazama mikono yake. Uso wake ukabadilika. Akaenda mbele. Ndege ikasimama.

Dakika kumi na mbili zilipita, na Nasteha alizihesabu moja moja. Watu wakaanza kugeuza shingo. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaingia wanaume wawili waliovaa sare, moja kwa moja hadi kwenye safu yake. Wakamtaka pasipoti.

"Huyu anasafiri na nani?" mmoja akamuuliza Shamso.

Shamso akatazama mbele, kwenye mgongo wa kiti. "Simjui," akasema.

Usimlaani bibi wa watu. Mjukuu alikuwa anamngoja, na viza aliihangaikia miaka minne. Lakini neno lile lilimchoma Nasteha kuliko mkono wa askari uliokuwa umemshika bega. Alipita katikati ya viti akiwa kichwa chini, simu zikiinuliwa kumpiga picha, na mama mmoja akamvuta mtoto wake kumweka mbali naye.

Kwenye ngazi akageuza macho. Fundi alikuwa amelala chali chini ya injini, tochi mdomoni. Ta! Komeo la kwanza likaingia. Ta! La pili. Kisha, Mungu ni shahidi, ta! la tatu. Hayakuwa mawili, yalikuwa matatu! Fundi akainuka akijipangusa mikono, macho yao yakakutana, na upesi akayahamisha pengine.

Chumba walichompeleka hakikuwa na dirisha. Walifungua simu yake wakakuta picha elfu mbili na zaidi, zote za ndege: magurudumu, mikia, injini. Afisa akazipitia kwa kidole polepole, halafu akauliza: "Picha hizi unampelekea nani?" Lahaula! Swali la benchi la Garissa, limesafiri mpaka huko bila viza. Waliuliza, wakatoka, wakaingia wengine, wakauliza tena. Saa sita kasoro ukuta ukatetemeka kidogo, na Nasteha akajua kwa mlio kwamba ndege yake inaruka. Akaisikiliza mpaka ikapotea. Injini zote mbili zilikuwa zinaimba vizuri.

Baada ya adhuhuri wale wa sare wakaondoka, akaja bwana mwenye tai ya buluu, mtu wa kampuni ya ndege. Huyu alikuwa na chai, biskuti na sauti ya asali. Akasema wameridhika kwamba yeye si mtu mbaya, na akamsukumia karatasi moja na kalamu.

"Tia sahihi hapa," akasema, "na leo jioni unapanda ndege ya kwenda Toronto. Kesho umefika."

Nasteha akaisoma. Ilisema kwamba yeye, Nasteha Diriye, alishikwa na hofu ya kusafiri akaomba kushuka kwa hiari yake, na kwamba hakuona kasoro yoyote kwenye ndege.

"Na makomeo?" akauliza.

"Makomeo gani?" Bwana akatabasamu.

"Nisipotia sahihi?"

"Ndege ya Nairobi ipo saa kumi."

Sasa wewe mwenye kuhukumu, kaa kwenye kiti kile kwanza. Watu walikwisha kuokoka. Jumatatu ilikuwa bado ipo. Kilichotakiwa ni jina lake tu, aliandike mara moja, na maisha yake yote aliyoyatamani yangesonga mbele. Nasteha alitaka kutia sahihi. Alitaka kwa moyo wake wote, na kalamu aliishika. Lakini alijua pia kwamba karatasi ile ndiyo ingebaki kwenye faili, na fundi yule hataulizwa kitu na yeyote, na kesho atalala chali chini ya injini nyingine. Akaomba kumpigia mama yake.

Abshiro alipokea kwenye mlio wa kwanza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko. "Umefika?"

"Sijafika, hooyo. Nimevunja kiapo." Akamweleza yote, kwa haraka, machozi yakimwingia mdomoni: makomeo, Shamso, chumba, karatasi.

"Walikuwa watu wangapi?" mama akauliza.

"Mia tatu na kumi."

"Wako wapi?"

"Wako angani. Wazima."

"Alhamdulillahi. Nisomee hiyo karatasi."

Nasteha akamsomea, neno kwa neno, akiifasiri kwa Kisomali. Bwana wa tai akatazama saa yake.

"Ukiandika jina unafika kwenye chuo?"

"Nafika."

"Usipoandika?"

"Narudi. Nafasi anapewa mwingine."

Akasikia mama anavuta pumzi, ndefu, yenye mikwaruzo. Soko zima lilikuwa limeshaambiwa binti wa Abshiro anakwenda kuwa fundi wa ndege.

"Uliona, au hukuona?"

"Niliona."

"Basi rudi nyumbani, hooyo," Abshiro akasema.

Nasteha akaiweka kalamu juu ya karatasi, akamrudishia bwana vyote viwili.