Aliyempita Mama Yake Getini

Chuoni walimwita Mstari wa Mbele, na jina lenyewe hakupewa kwa sifa. Katika ukumbi mkubwa wa wanafunzi wa sheria yeye alikijua kiti kimoja tu, kile cha mbele kabisa, mahali ambapo mhadhiri akichangamka mate yake humfikia mtu. Wenzake walidhani anajipendekeza. Mwenyewe alidhani ndivyo wanavyokaa wote wanaotaka kusoma. Tangu darasa la kwanza aliamini kwamba ubao ni kitu ambacho watu wa nyuma hawawezi kukisoma, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwahurumia.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa vitabu tu, la hasha. Raha alizipenda. Mwenzake wa chumbani, waliyemwita Babu kwa sababu alilala mapema na kujifunika blanketi mpaka kidevuni hata joto likiwa la kukaanga, alikuwa na jiko dogo la umeme ambalo uongozi wa bweni ulikuwa umelipiga marufuku. Hapo walipika mayai, wakacheza karata, na aliyefungwa akaosha sufuria. Kulikuwa na Injinia pia, binti wa uhandisi mwenye miwani minene na mdomo usiopumzika, ambaye alimsahihisha kila mtu, hata namna ya kukata mkate. Siku za mechi walikwenda uwanjani wote watatu. Mstari alishangilia magoli kwa masikio: watu wakiruka, naye aliruka; wakishika vichwa, naye alishika chake. Aliamini kabisa kwamba mpira ndivyo unavyotazamwa.

Doa lake lilikuwa moja. Watu walisema anaringa. Alikuwa anaweza kupishana na mtu waliyekula naye asubuhi, akamtazama, asimsalimie. Babu alimtetea mpaka akachoka. Lisemwalo lipo, walijibu wengine, na maneno yakamfuata kila alikokwenda.

Basi Jumapili moja dada yake akapiga simu.

"Umemfanya nini mama?" aliuliza, bila hata salamu.

"Mama? Mbona sijamwona tangu likizo."

"Hujamwona! Ijumaa kaomba ruhusa kazini, kakupikia, kapanda mabasi mawili na hotpoti mapajani. Mlinzi kamwambia asubiri ng'ambo ya geti. Umetoka na wenzako mnacheka. Kakupungia mkono. Umemtazama usoni, halafu huyo, umepita. Chakula kamwachia mlinzi."

"Dada, naapa sikumwona, na hicho chakula hakijanifikia."

"Barabara moja tu iliwatenganisha! Na unajua kinachoniuma? Yeye ndiye anakutetea. Anasema kosa ni lake, alikuja na nguo za jikoni, angebadilisha kwanza. Anasema mtu wa chuo kikuu ana haki ya kuona haya."

Mama yao alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alifunga kitambaa kichwani, nguo zake zikabeba moshi hata siku ya mapumziko, na mikono yake ilikuwa na alama za sufuria kubwa. Mstari hakuwahi kuona haya kwa ajili yake hata dakika moja. Alimpigia simu papo hapo.

"Hakuna neno, mwanangu," mama alisema. "Mlikuwa na haraka."

Kisha akamuuliza habari za mitihani kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni. Huyu ni mama aliyekuwa na uwezo wa kumgombeza kwa soksi moja iliyopotea. Upole ule ulimtia Mstari baridi, akatamani atukanwe. Kibaya zaidi, alianza kujitilia shaka mwenyewe. Alikuwa ametoka getini Ijumaa ile, kweli, na alikuwa ametazama ng'ambo. Labda macho yalimwona mama na moyo ukamkataa kimyakimya bila kumshirikisha yeye mwenye moyo. Wazo hilo lilimnyima raha muda wote wa mitihani.

Mitihani ilipoisha, Injinia akatangaza kwamba lazima wapande kilima kilichoko nyuma ya chuo wakasherehekee. Wakabeba mikate, karanga na soda, wakapanda wakipiga soga, Babu akilalamika kila baada ya jiwe. Kileleni palikuwa na mwamba mpana uliopata jua la asubuhi. Wakakaa, wakaanza kugawana mji uliokuwa chini yao: lile paa la buluu langu, ile yenye roshani yako. Mstari naye akanyoosha kidole mahali palipokuwa na weupe.

"Nyumba yangu ile pale."

"Hilo tangi la maji," alisema Injinia. "Tena limeandikwa herufi kubwa kama ng'ombe."

"Limeandikwa wapi?"

Wakacheka. Halafu Injinia akaacha kucheka. Babu wakati huo alikuwa amehamia mwamba wa pili kutafuta kivuli.

"Babu ameshika nini?" Injinia aliuliza.

"Babu si lile shati jekundu? Ameshika nini nitajuaje, na yeye yuko kule?"

Injinia hakusahihisha kitu. Akavua miwani yake na kumvisha Mstari kwa mikono yake miwili.

Kwanza alidhani kuna mtu ameisogeza dunia. Akarudi nyuma kidogo ili isimgonge. Chini ya kilima kulikuwa na mti ambao tangu aje chuoni ulikuwa rundo la kijani, na sasa ulikuwa na majani. Jani mojamoja, kila moja likitikisika kwa wakati wake. Alijua kwamba miti ina majani, ameyafagia sana nyumbani. Hakujua kwamba huonekana yakiwa bado juu. Katika picha za vitabu alidhani wachoraji huyaongeza kwa ukarimu. Akatazama nyaya za umeme, akakuta juu yake ndege wamepangana, na mmoja anajikuna. Akatazama mbali zaidi. Nyuma ya nyumba fulani mwanamke alikuwa anaanika shuka, vibanio viwili mdomoni, na mtoto akapita mbio chini ya shuka, na mwanamke akatabasamu na vibanio vyake vilevile. Mstari alishika kifua. Hakuwahi kujua kwamba uso wa mtu husafiri mbali namna ile.

"Ninyi huwa mnaona hivi?" aliuliza.

"Kila siku," alisema Injinia.

"Kila siku! Na mnanyamaza?"

Babu alikuwa amerudi, mkononi ana ganda la karanga, na Mstari alimtazama usoni akimkaribia hatua kwa hatua, wasiwasi wake wote ukionekana kabla hajafika. Ajabu ilioje! Watu wanatembea na nyuso zao wazi, wanazituma mbele yao kama salamu, na yeye alikuwa akizipokea zikiwa zimeshafika mlangoni. Akageuka tena na kuutazama mji. Hakutaka hata kupepesa, asije akapitwa na kitu.

Hapo ndipo macho yake yalipofika kwenye geti la chuo. Mlinzi alikuwa anapiga miayo, na miayo ilionekana. Akavuka barabara kwa macho, akafika ng'ambo, kwenye ukuta ambapo mama alisimama Ijumaa ile. Bibi mmoja alikuwa amesimama palepale akisubiri usafiri, na uso wa bibi yule ulionekana wote. Basi na wa mama ulionekana, kwa kila mtu aliyetoka getini siku ile: furaha yake, mkono ulioinuliwa, na furaha ilipozimika. Wote waliuona isipokuwa mwanawe.

Akavua miwani. Ukuta ukarudi kuwa doa.

"Sikumkataa," alisema.

"Nani?"

"Mama. Sikumkataa. Nilikuwa sioni." Na akalia juu ya kilima, kijana mzima, kwa furaha na uchungu kwa mpigo mmoja, Injinia akimpigapiga mgongoni na kumwambia asilowanishe miwani ya watu.

Daktari wa macho alimpima, akarudia kupima, akamuuliza amekuwa akiishije. "Vizuri tu, daktari," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli. Miwani yake ilipokuwa tayari alitoka nayo barabarani akatembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Alisoma vibao vyote, hata vya mafundi viatu. Watu waliokuwa wakimwita mwenye maringo aliwasalimia kutoka mbali kwa kelele nyingi kiasi kwamba siku mbili tatu walidhani amelewa.

Lakini moyo wake ulikuwa nyumbani. Jumamosi iliyofuata mama alikuwa anatimiza miaka hamsini, na dada alikuwa ameandaa sherehe. Mstari alifika mapema na Babu na Injinia, akamkuta mama chumbani anavishwa gauni jipya, akamweleza yote kwa mkupuo mmoja, kilima, tangi, mwanamke na shuka.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainyoosha kola ya shati lake.

"Imekupendeza, miwani," alisema. "Umekuwa kama wakili kweli."

"Mama, umenielewa? Siku ile sikukuona."

"Unasoma vitabu vyenye maandishi madogo kama chawa, baba. Mimi mwili wote huu, hukuniona?" Alitabasamu kidogo. "Usijitese. Yameisha."

Angefanyaje? Alikuwa na miaka mitatu ya sheria kichwani na hakuwa na ushahidi. Injinia alijaribu kueleza habari za kuona karibu na kuona mbali, akachora mpaka jicho kwenye karatasi ya kufungia keki, mama akamshukuru kwa adabu na kumkaribisha kiti. Alikuwa amekwisha kuamua kumsamehe mwanawe kwa kosa ambalo hakulifanya, na msamaha wa namna hiyo hauna mlango wa kutokea. Mstari akaingia sebuleni akiwa mnyonge.

Sebule ilijaa. Viti vya kuazima vilipangwa kuzunguka kuta, majirani, wapishi wenzake mama, watoto wa dada. Mama aliwekwa mwisho kabisa wa chumba kwenye kiti kilichopambwa, na dada akampa amri moja: leo haruhusiwi kunyanyuka wala kukanyaga jikoni. Mpishi wa watoto mia kadhaa, kukaa tu! Lakini dada alisahau kwamba mama ana macho.

Katika nyumba ile, mbele ya wageni, mama hakuwa akisema. Alitazama. Macho yakifunguka ghafla: acha. Yakienda mlangoni na kurudi: toka nje, waachie wakubwa nafasi. Yakishuka taratibu: mimina kinywaji cha mgeni. Dada alisoma lugha hiyo tangu akiwa mdogo, na sasa watoto wake nao waliisoma. Mmoja alirudisha biskuti sahanini bila kuambiwa na mtu. Ni Mstari peke yake aliyekuwa hajaisikia hata siku moja. Tangu utotoni alichukua kipande cha tatu cha kuku mbele ya wageni huku mama anamkodolea kutoka upande wa pili, na wageni wakishaondoka akala bakora za ukaidi, akilia kwa dhati kwamba hakuambiwa. Ukoo mzima ulijua: huyu mtoto haogopi jicho la mama yake.

Sasa alikuwa amekaa karibu na mlango, sahani mapajani, mkono umeshaelekea kwenye kipande kingine cha kuku. Mama, kwa mazoea tu, bila tumaini lolote, akamfungulia macho kutoka mwisho wa chumba.

Mkono wa Mstari ukasimama hewani.

Aliyaona. Juu ya vichwa vya majirani wote, macho ya mama yake, meusi, makali, yamemlenga yeye na hakuna mwingine. Hivi ndivyo dada alivyotazamwa miaka yote? Akarudisha mkono mapajani polepole.

Mama akaacha kutafuna. Akamtazama sana. Kisha akayashusha macho taratibu, kuelekea kwa mzee wa jirani aliyeshika glasi tupu. Mstari akanyanyuka, akachukua soda, akammiminia mzee. Alipoinua kichwa, macho ya mama yalikuwa yanangoja. Yakaenda dirishani, akafungua dirisha. Yakaenda kwa mtoto aliyekalia kanga ya bibi mmoja, akamwondoa mtoto. Babu alimuuliza kwa nini anahangaika kama mhudumu wa harusi. Kulikuwa na watu wengi baina yao na kelele nyingi, na mama na mwana walikuwa wanazungumza.

Halafu macho ya mama yakafanya jambo ambalo halikuwamo katika lugha ile. Yalijaa. Mstari aliona chozi likianza, akaliona likishuka, kutoka upande wa pili wa chumba.

Akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Kumbe ulikuwa huoni," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa sioni, mama."

"Na mimi nikakuchapa. Miaka yote ile, mwanangu. Ukisema hukuambiwa, nakuchapa."

"Kuku alikuwa mtamu, mama. Zile bakora hazikwenda bure."

Mama akacheka na kulia, akamshika mashavu kwa mikono yake yenye alama za sufuria, akamtazama kwa karibu kama alivyomtazama siku zote. Kisha akamsukuma kifuani.

"Rudi kule mlangoni ukakae."

"Kwa nini tena?"

"Wewe nenda," alisema, akijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Nataka nikupungie mkono."