Mikanda ya Kiti cha Rubani

Mjukuu wangu anatengeneza ndege ndogo. Si za kuchezea batoto. Mtoto akiishika anamnyang'anya kama amemkuta na kisu. Anachonga mwili kwa mti laini, anaufunika na plastiki nyembamba ya ndoo kuukuu, anaangalia picha kwenye simu, anapima tena. Alinieleza kwamba sentimita moja ya ndege yake ni nusu mita ya ndege ya kweli. Mi niliishia darasa la tatu, lakini kwa kupima hakuna wa kunifundisha. Nashona tangu kwetu Bukavu, na hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwaya ngapi zinaimba ndani ya nguo zangu.

Hii ndege ya mwisho ilikuwa na kazi. Kuna mama mmoja Lilongwe mwenye ateliye, karakana ya kutengeneza nyumba ndogondogo za karatasi ngumu, zile wajenzi wanaonyesha matajiri kabla ya kujenga kubwa. Alitaka mtu mmoja wa kujifunza kwake na kubaki akifanya kazi. Akamwambia mjukuu wangu: niletee Jumanne kitu kimoja ulichofanya kwa mkono wako. Msichana wa miaka kumi na tisa, amemaliza shule, cheti chake kimekaa chini ya godoro. Nafasi kama hiyo haipiti kila wiki.

Mwanzo nilimsaidia vizuri. Alikuwa anahangaika kuweka vile vichwa vya misumari vinavyojipanga kwenye bati la ndege. Nikampa kagurudumu kangu ka meno, kale mafundi tunapitisha juu ya karatasi ili alama ihamie kwenye kitambaa. Akakapitisha pembeni ya rula mara moja: nukta, nukta, nukta, mstari mzima umenyooka. Akapiga kelele "Koko!", kwetu ndiyo bibi, akanibusu kichwa. Hapo njo nilianza kuharibika. Nikajiona mwenye ndege.

Ilibaki mikanda ya viti viwili vya mbele. Nikasema hiyo ni kazi ya cherehani, usiguse. Nikakata satini iliyobaki kwenye gauni la bibi arusi, nikakunja pindo, nikashona kwa uzi mmoja mpaka macho yakatoa machozi. Akaiangalia muda mrefu.

"Koko, ni muzuri. Lakini ni munene."

"Munene wapi? Nimekunja mara moja tu."

"Ndege imepunguka, piloti amepunguka, lakini kitambaa hakikupunguka. Humu ndani ni kama umemufunga na godoro."

"Godoro! Na ile unalalia, nani aliishona?"

"Ni wewe, Koko. Na ni godoro muzuri sana."

Akapasua tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha, akakata bati lake laini kwa wembe, vipande vyembamba kama majani ya mchaichai. Akapaka rangi, akavilaza kwenye viti, vikalegea kama mtu amevua mkanda sasa hivi. Takataka ya dawa ya meno imeshinda satini yangu.

Jumatatu alienda kupanga foleni ya karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Mi nikabaki na ndege. Nikafungua kile kioo cha chumba cha rubani, alichokivuta kwa plastiki ya chupa ya soda iliyopashwa moto, baada ya kuharibu chupa sita. Nikang'oa mikanda ya kiti cha kushoto, nikabandika ya kwangu na supaglu, tone la mtu asiye na ubahili. Nikafunga kioo. Vumbi la hapa unalijua, linaingia hata kwenye Biblia iliyofungwa, basi nikafunika na bakuli. Nikaenda kupika maharage.

Niliporudi kioo kilikuwa cheupe. Nikafuta kwa kitenge. Weupe ulikuwa ndani.

Alipofika aliangalia, akakaa kwenye kigoda. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

"Ile gundi inatoa moshi," akasema polepole. "Unatafuta kioo unakaa pale. Na we umeufungia ndani."

Akajaribu kung'oa mikanda yangu, kiti kikataka kuja nayo. Akaacha. Muda wa kuvuta kioo kingine haukuwepo, basi akakata mlango wa rubani, akauacha wazi ili mtu aweze kuchungulia, akasugua ukingo mpaka jua likazama.

Jumanne nililazimisha kwenda naye. Yule mama wa Lilongwe aliwasha taa ya simu, akaingiza jicho mlangoni. Alisema Chichewa, lugha ya hapa, na Chichewa ya sokoni naijua.

"Kioo hiki kina mtoto wa jicho. Na hii ya kushoto ni nini? Bendeji?"

"Niliharakisha, madamu," mjukuu wangu akasema.

"Anadanganya," nikasema. "Ni mimi."

Mama akageuka, akaniita bibi kwa lugha yake. "Agogo, nani alikuita kwenye ndege?"

"Hakuna."

Akatoa karatasi ya rangi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akampa mjukuu wangu na wembe. "Nikatie mkanda mmoja hapa."

Nikakalia mikono yangu. Sikuwahi kumwangalia akifanya kazi huku mdomo wangu umefungwa. Mi nakandamiza, nakata mara moja. Yeye hakandamizi. Anapitisha wembe mara tatu, kama anapapasa, na pumzi anaizuia mpaka kipande kinatoka. Hilo hakulipata kwangu. Sijui alilipata wapi, na nimeishi naye chumba kimoja miaka yote.

Mama akaulaza mkanda juu ya ukucha wake, akauangalia.

"Jumatatu, asubuhi. Kioo utakitengeneza upya hapa. Agogo abaki nyumbani."

"Zikomo," nikashukuru, kabla mwenyewe hajajibu.

Tulitembea kuelekea stendi, ndege iko kwenye boksi la viatu kifuani pake.

"Koko, kidogo tu uniharibie."

"Najua. Nilitaka mukono yangu ionekane ndani."

"Si imeonekana," akasema.