Siku Maringo Yangu Yalipotafutiwa Mashahidi

Aibu hii siwezi kuificha hata nikitaka, kwa sababu kuna akina mama wa kanisani ambao mpaka leo wakinikuta sokoni Jebel, hapa Juba, huniuliza hali ya mume wangu mwanajeshi, na mimi sijawahi kuwa na mume, mwanajeshi wala raia.

Nianze na neno lenyewe, kuringa. Nilikulia Nakuru, wazazi wangu walikimbilia huko wakati wa vita, nikarudi Juba nikiwa mtu mzima, na sasa nauza viatu vya mitumba. Kule Nakuru kuringa si kosa. Ni kupita mbele ya watu ukijua wanakuangalia na kujifanya hujui. Ukisema fulani anajivuna umemtukana, lakini ukisema anaringa huenda unamsifu, inategemea umesema ukicheka ama umenuna. Mimi nimeambiwa naringa tangu darasa la sita na sijawahi kukata rufaa.

Basi Jumapili moja jioni nilikuwa nitembelewe. Lado, fundi wa magari ambaye tulikuwa tumekubaliana kuoana, alilelewa Khartoum na shangazi yake anayeitwa Amma Viktoria, na huyo Amma ndiye alikuwa anakuja nyumbani kwa mjomba wangu, ninakoishi, kunitazama. Akisema ndiyo, wazee wataanza mazungumzo ya mahari. Akisema hapana, hakuna wa kumpinga, maana ndiye aliyemlisha Lado tangu akiwa na miaka minne. Nikaona siku kama hiyo haitaki mikono mikavu, nitie hina.

Jumamosi nikaenda kwa mama mmoja anayepaka hina pale sokoni. Akataja bei ya viganja. Mimi sinunui kwa bei ya kwanza hata maji, kwa hiyo tukavutana mpaka chai yake ikapoa, na mwishowe kwa bei ileile ya viganja nikapata viganja, mikono hadi viwikoni, na miguu yote miwili pamoja na nyayo, nyeusi tii. (Maua niliyahesabu mara mbili, kumi na nane mkono wa kulia, kumi na nane wa kushoto, sikupunjwa.) Akiwa anachora aliniuliza kama nimeolewa, nikasema ndiyo, kwa sababu sokoni kila anayeniuliza humjibu hivyo, ndiyo njia ya kununua nyanya kwa amani. Akaitikia kwa kichwa na kuniongezea ua moja kwenye kila kifundo cha mguu, bure. Nilidhani nimempata.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo mtoto yeyote aliyelelewa Khartoum analijua, ni kwamba hina ya namna ile, ya mikono mizima na miguu, ni ya bibi harusi na ya mwanamke mwenye mume. Msichana akitaka kujipamba huchorewa kaua kamoja kiganjani, basi. Mimi nilikuwa nimevaa cheti cha ndoa mpaka viwikoni.

Jumapili asubuhi nikaenda kanisani nacho, nikainua mikono katika kila wimbo, hata ule ambao wenzangu walikuwa wamekaa. Akina mama walinitazama kweli, nami nikatazama mbele, kama kazi ya kuringa inavyotaka. Ibada ilipoisha mmoja wao akanishika mkono, akaugeuzageuza. "Mabruk, binti yangu!" Nikasema asante. Wa pili naye akanipa hongera, nikasema asante (nilidhani hongera ni za urembo). Wa tatu akauliza, "Na bwana yuko wapi leo?" Nikajua anamaanisha Lado, maana watu walikuwa wanatuona pamoja, na Lado siku hiyo alikuwa ameitwa kutengeneza lori, nikajibu kwa kujiamini, "Yuko Bilpam, jioni atakuja."

Sasa, mtu wa Juba akisikia bwana wa fulani yuko Bilpam, kwenye makao makuu ya jeshi, hawazi habari za spana. Nilipokuwa nakula chakula cha mchana tayari nilikuwa na mume mwenye cheo. Wengine walisema luteni, wengine kapteni. Mimi sikuulizwa.

Jioni Amma Viktoria akafika na wanawake wawili, na njiani walikuwa wamesalimiana na mmoja wa wale mama wa kanisani. Nikaleta chai mwenyewe, polepole, ili mikono ionekane. Amma akaitazama glasi, akaitazama mikono, hakuipokea.

"Binti," akasema (tuliongea Kiarabu cha Juba, nawatafsiria), "mumeo anajua sisi tuko hapa?"

"Mume gani, Amma?"

"Huyo wa Bilpam. Sitaki kijana wangu apigwe risasi kwa ajili ya chai."

Lado alikuwa amekaa karibu na mlango, grisi bado iko kwenye kucha. Alinitazama kama anavyotazama injini aliyokwisha kuifunga halafu akakuta bolti moja imebaki nje.

Mjomba, ambaye Kiarabu chake kinaishia kwenye bei ya nyama, akajaribu kuniokoa, neno lililomshinda akalitia kwa Kiswahili. "Mama, hii si ndoa. Ni maringo tu."

"Maringo ndiye huyo askari?" akauliza Amma.

Hapo ndipo ikabidi neno lifafanuliwe. Mjomba akasema ni kama kiburi, na hiyo ikaharibu zaidi, maana nani anaposa kiburi? Mimi nikasimama, nikatembea kutoka kwenye mtungi wa maji hadi kwenye ua wa mabati na kurudi, kumwonyesha kuringa kunavyokuwa. Majirani wakakusanyika. Mmoja akaniomba nirudie.

Aliyeingia ni Nalongo, Mganda mwenye saluni upande wa pili wa mabati. "Mama, mimi iko jirani yake miaka mbili," akamwambia Amma, nusu Kiswahili, nusu Kiarabu. "Huyu, bwana hana. Ingekuwa iko nayo mimi ningesikia, ukuta yetu ni bati. Lakini maringo iko nayo mingi, hii haina dawa. Siku moja simu yake iko kwangu inachaji, yeye anapita barabarani na kava tupu kwa sikio, anaongea na Dubai!"

Watu wakacheka. Amma akamgeukia Lado. "Kweli?"

"Kweli, Amma," akasema Lado taratibu. "Mimi ndiye nilikuwa napiga hiyo simu. Nalongo akapokea."

Mimi mwenyewe nikaongeza ushahidi wa miwani isiyo na vioo niliyowahi kuvaa. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufika hapo, kuomba kwa moyo wote aaminiwe kwamba anaringa.

Amma akaniambia nivue viatu, akaona nyayo. "Hata huku! Ulilipa ngapi?" Nikamtajia. Akawatazama wenzake, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza jioni ile nikaona heshima kidogo. Lakini akasimama. "Nakuamini. Ila mikono hii siwezi kuiposa, watasema nimemwibia askari mke. Hina ikifutika nitarudi." Chai akaiacha palepale.

Ilichukua karibu mwezi. Ndimu haikusaidia, klorini iliondoa ngozi na kuacha maua. Niliuza viatu nikiwa na soksi na glavu kwenye jua la Juba, na wateja waliogopa kuuliza nina ugonjwa gani.

Amma akarudi kama alivyosema. Akaikagua mikono pande zote mbili, akakagua nyayo, akakaa, akanywa glasi mbili za chai, na wazee wakapewa siku ya kuanza mazungumzo. Alipokuwa anaondoka akanishika vidole.

"Kumbe ni mikono ya kawaida tu," akasema.

Nikamwambia asante. Kuringa sijaacha, ila nimeapa kwamba sitaringa tena kwa kitu chochote kabla ya kumwuliza mwenyeji kwao kinamaanisha nini.