Mistari Chini ya Kiti

Gereji nzima inamwita Msasa. Kwa miaka thelathini na moja fundi huyu wa rangi ameshika kanuni moja: kutu haifichwi, inakwanguliwa mpaka bati ling'ae. Ndivyo alivyokifanyia kigari cha pedali alicholetewa na nesi mstaafu, kigari cha mtoto, chekundu zamani, usukani umelegea.

Jumanne alimpigia nesi kumuuliza anataka rangi gani.

"Yoyote, fundi. Ila usiguse ile mistari chini ya kiti."

"Mistari gani, mama?"

Nesi akamweleza. Baba yake, dereva wa ofisi, alikinunua kikiwa kimeshatumika. Watoto watano walirithishana. Kila mmoja alipofikia umri wa kukiendesha, baba alisogeza kiti mpaka miguu ikazifikia pedali, kisha akachora mstari kwa msumari sakafuni, pale kiti kilipokaa, na herufi ya jina pembeni. Wa tatu alifariki akiwa na miaka sita. Nyumba iliungua baadaye, na picha zote. Umebaki mstari wake.

"Jumamosi nakuja na wadogo zangu."

"Sawa, mama," alisema Msasa. Sakafu ya kigari ilikuwa mbele yake, inang'aa kama sufuria mpya.

 Alikitoa kigari juani, akakiinamisha huku na huku, akapapasa bati kwa ukucha. Hakuna kitu. Kila simu ilipoita, alitazama kwanza kama ni nesi.

"Chora mingine, kaka," alisema mchomeleaji, jirani yake. "Mistari ni mistari."

Ijumaa alishika msumari. Alimpigia mkewe kwanza.

"Chora," mkewe alisema. "Halafu kila huyo mama akipita hapo gereji uwe unakimbilia chooni."

Aliurudisha msumari kwenye kopo.

Jumamosi nesi alifika na mdogo wake wa kike na wa kiume. Msasa hakungoja wainame.

"Mama, niliifuta kabla sijakupigia. Yote."

Nesi alipiga goti, akapitisha kiganja sakafuni. 

"Wa marehemu ulikuwa wapi, dada?" aliuliza kitinda mimba. "Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Nesi alinyoosha kidole, akakisogeza mbele kidogo, akakirudisha. Akamgeukia fundi.

"Wewe ndiye wa mwisho kuuona. Mstari ulikuwa wapi?"

"Sikuangalia, mama."

Walikichukua hivyo hivyo, bila rangi.

Siku hizi akiletewa kitu, hata bampa, Msasa hupiga magoti kwanza na tochi na kitambaa kibichi. Kazi ya asubuhi inafika alasiri.

"Msasa," mchomeleaji humwita, "unasoma gazeti?"

Hajibu mpaka amalize upande wa pili.